Milango ya Uani

Mahfoudha alipewa mtaa wa Sidra kwa sababu hakuna mwengine katika ofisi ya baladia, yaani manispaa, aliyeutaka. Ni mtaa mdogo wa nyumba kongwe huko Bawshar, umebanwa baina ya mavilla mapya na maduka makubwa, na watu hupita na magari yao miaka nenda miaka rudi bila ya kujua kama upo. Mwaka huo serikali ilitoa ruzuku ya makazi na maendeleo ya jamii, na kila mtaa uliotaka fungu lake ulitakiwa uwe na mpango ulioandikwa: nyumba zipi zitengenezwe, kuta zipi zijengwe upya, na kitu gani cha faida ya wote kiwekwe. Mahfoudha, mhandisi wa mipango miji mwenye miaka thelathini na moja, alikuwa na siku tano tu. Mpango ulitakiwa uwe mezani kwa mkuu wake Alkhamisi.

Jumapili asubuhi alifika na mpimaji aitwaye Loai, mtu mpole, mnene, aliyependa kiyoyozi cha gari kuliko kitu chochote duniani. Saa zile wanaume walikuwa makazini na majumbani wamebaki wanawake, kwa hiyo Loai alikaa garini, Mahfoudha akabisha mwenyewe nyumba ya mwanzo, iliyo karibu na msikiti.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Buthaina, bibi wa miaka sitini na kitu. Alimjibu Mahfoudha kwa Kiarabu, mambo ya vipimo na fomu, kwa adabu lakini bila ya uchangamfu. Kisha simu ya Mahfoudha ikalia. Alikuwa mama yake, anauliza kama amekula, naye akamjibu kwa Kiswahili. Bi Buthaina akapiga kofi.

"Kumbe wetu wewe! Wa wapi?"

"Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Wete."

"Wete! Basi hupimi kitu hapa mpaka unywe kahawa."

Alimchukua mpaka uani. Nje, barabarani, joto la Mei lilikuwa linakata pumzi, lakini uani mulikuwa na kivuli cha milimau na hewa ya ubaridi. Mahfoudha hakuwahi hata kuuliza wanakwenda wapi. Katika ukuta wa jirani mulikuwa na mlango mdogo wa mbao, hauna kufuli, na Bi Buthaina aliusukuma kwa kiwiko kama mtu anayeingia jikoni kwake.

"Shoga, tuna mgeni! Wa baladia, lakini mtoto wetu!"

Ikawa hivyo. Nyumba ya pili alipewa vitumbua, ya tatu akapima paa linalovuja huku mtoto wa miaka miwili amemshika mguu, ya nne akalazimishwa kukaa. Kila ukuta ulikuwa na mlango wake. Wazee wa mtaa ule walirudi nchi ya mababu zao kutoka Zanzibar miaka ya sabini, na walipojenga waliachiana milango uani ili wanawake watembeleane bila ya kutoka barabarani. Hakuna ramani hata moja iliyoonesha milango hiyo.

Saa mbili baadaye Loai alipiga simu.

"Umo wapi? Nimebisha, wananambia umeshaondoka! Hukutoka! Mlango nnautazama mimi tangu asubuhi!"

"Niko nyumba ya tano."

"Umepita wapi?"

"Uani," alisema Mahfoudha, na wanawake wote waliokuwa wanamfuata wakaangua kicheko hata Loai akakata simu.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Jawaher, mjane wa miaka sabini, mrefu, mkavu wa maneno. Aliishi na Nassimbwa, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumba mwaka wa tatu sasa. Mahfoudha alitafuta mlango wa kwendea nyumba ya sita, hakuuona. Ukutani palikuwa na alama ya mlango, umbo lake lote, lakini umezibwa na kupigwa plasta. Mbele yake paliwekwa kiti cha plastiki.

"Huku hakupiti mtu?" aliuliza.

Bi Buthaina akatazama milimau.

"Huku basi," alisema Bi Jawaher. "Umeshafika mwisho, mwanangu."

*

Mkuu wake Mahfoudha, Mhandisi Ishaq, alikuwa mtu wa kanuni, lakini si mtu mbaya. Mchana ule ule aliuskiza mpango wake wote huku anaizungusha miwani yake mezani.

"Kanuni ya ruzuku inasema kila kiwanja kiwe na ukuta kamili," alisema. "Ukuta wenye tundu si ukuta. Fedha zikija, milango yako yote itazibwa."

"Bwana Ishaq, ile ni njia. Msikiti uko mwanzo wa safu ile, kituo cha afya kiko mwisho. Nyumba tisa, kivuli mwanzo mpaka mwisho. Barabarani hamna hata mti mmoja. Bibi wa miaka sabini anangoja mwanawe atoke kazini ampeleke kwa gari kupima presha, mahali pa mwendo wa dakika nne!"

Ishaq alivaa miwani. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kimya, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Kuna kifungu," alisema polepole. "Njia ya wakaazi. Inaweza kuingia kwenye fungu la maendeleo ya jamii: sakafu, milango mipya, vyuma vya wazee kushikia. Lakini iunganishe sehemu mbili za umma, isikatike popote, na wenye viwanja wote waweke saini." Akamtazama. "Inakatika?"

"Pahala pamoja tu," alisema Mahfoudha.

Jumatatu alirudi Sidra kuuliza kisa cha mlango uliozibwa, na alikipata kwa Bi Buthaina kabla kahawa haijamiminwa.

Kilikuwa kisa cha shuwa, ile nyama ya sikukuu inayotiwa viungo, ikafungwa kwenye magunia na kufukiwa katika tanuri la mtaa siku nzima na zaidi. Kila nyumba hulitia gunia lake alama. Miaka tisa nyuma, Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, watu wa Bi Jawaher walichukua gunia silo. Walikula mbuzi wa mlimani aliyenona, ambaye marehemu mume wa Bi Nasriya, wa nyumba ya sita, alimfuata mwenyewe Jabal Akhdar. Bi Nasriya na wageni wake ishirini wakafungua gunia la Bi Jawaher, wakakuta kibeberu kigumu kama kiatu.

"Wakagombana kwa hilo?" Mahfoudha alishindwa kujizuia kucheka.

"Cheka tu. Walikuwa kama pacha wale. Walikuja na meli moja."

Mahfoudha alikwenda kwa Bi Nasriya kwa mlango wa mbele. Alikuwa bibi mfupi, mweupe, mwenye kikohozi na maneno mengi.

"Kwangu mimi si nyama, mwanangu," alisema. "Nyama ni nini? Mimi nlingoja anambie neno moja tu. Anambie, Nasriya, mbuzi wako alikuwa mtamu. Hakusema! Alinyamaza kama hajala. Marehemu akaona nnalia, akapandwa na hasira, akaziba mlango kwa matofali."

Bi Jawaher naye, alipoulizwa, alisema: "Ntasema nini, na uso nna mmoja tu? Nliona haya. Nlikuwa natafuta maneno. Kesho yake naamka, naona matofali. Basi nami nkapiga plasta upande wangu."

"Na sasa maneno umeyapata, Bi Jawaher?"

"Miaka tisa! Maneno yameshaoza."

Kuhusu saini, wote wawili walimpa jibu moja, kila mmoja kwa nafsi yake: mwenzangu atie kwanza.

*

Mkutano wa wakaazi ulikuwa Jumatano, baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi wa mtaa. Kanuni ilidai mkutano huo, na katika mitaa mingine Mahfoudha alizoea kuona watu sita, watatu kati yao wanasinzia. Sidra walikuja zaidi ya mia. Wanaume walikaa mkono wa kulia, wanawake wa kushoto, na masufuria ya visheti yakapita katikati. Bi Jawaher alikaa safu ya mbele na Nassimbwa ubavuni pake. Bi Nasriya alikaa safu hiyo hiyo, mwisho kabisa, anautazama ukuta.

Mahfoudha alibandika ramani. Njia aliipaka rangi ya kijani, kutoka msikitini mpaka kituo cha afya, na baina ya nyumba ya tano na ya sita aliweka alama nyekundu. Alieleza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili: paa kumi na nne zitatengenezwa, na hilo halina shaka. Lakini njia ikikatika pale penye wekundu, basi si njia kwa mujibu wa kanuni, na milango yote minane, saba iliyo wazi na huo mmoja, itakuwa ukuta.

Watu waliguna. Mzee mmoja akasema siku zote alijua kama nyama ile italeta balaa. Kisha kila mtu akawatazama mabibi wawili, na kila bibi akatazama kwengine.

Aliyesimama alikuwa Nassimbwa. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake.

"Samahani, madamu. Mimi si wa hapa, lakini naweza kusema kitu?"

"Sema," alisema Mahfoudha.

"Mama yangu huyu," alisema Nassimbwa kwa Kiswahili chake cha Kampala, "kila asubuhi anakaa kwa kile kiti, karibu na ukuta. Mimi nilifikiri anapenda kivuli. Lakini kila asubuhi ananiuliza, Nassimbwa, umemsikia akikohoa? Nikisema nimesikia, anakunywa chai. Nikisema sijasikia, hanywi. Ananituma dukani ninunue kitu ambacho hatuhitaji, ndio nipite mbele ya mlango wa yule mama nione kama kuna shida. Tuna chumvi nyingi sana kwa nyumba."

"Nassimbwa!" alisema Bi Jawaher.

"Nisamehe, Mama. Lakini ni ukweli."

Kutoka mwisho wa safu sauti ya Bi Nasriya ilitoka nyembamba, haina mizaha.

"Redio yake," alisema. "Huifungua saa kumi na mbili asubuhi, Qur-ani, kisha khabari. Mwezi uliopita siku mbili haikulia. Nlimwambia mwanangu, panda juu ya paa, chungulia. Akaniuliza, nichungulie nini? Nkamwambia angalia dishi letu. Dishi halina kitu! Alikaa juu ya paa saa nzima na jua lile."

"Ilikuwa betri," alisema Bi Jawaher, bila ya kugeuka. "Betri zilikwisha."

"Ungenambia. Mimi nnazo betri."

Bi Jawaher aligeuka. Akashika mkono wa Nassimbwa, akanyanyuka. Alikwenda mpaka mwisho wa safu, mrefu, anatembea taratibu, akasimama mbele ya Bi Nasriya.

"Nasriya," alisema. "Mbuzi wako alikuwa mtamu. Sijala mbuzi mtamu kama yule, si kabla wala baada. Nlimaliza mpaka mafupa, na nilikuwa nnajua kama si wetu tangu tonge la kwanza."

"Tangu tonge la kwanza!"

"Nlishindwa kuacha."

Mabega yakaanza kumtikisika Bi Nasriya, na watu walidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hata kikohozi kikamshika, na Bi Jawaher akawa anampiga mgongo, naye anacheka, machozi yanamtiririka, na ukumbi mzima ukalipuka. Vigelegele vilitoka mkono wa kushoto, Loai alikuwa anafuta macho kwa kilemba chake, na Mahfoudha ilibidi aishike meza. Katika mikutano yake yote ya mipango miji hakuwahi kupigiwa vigelegele.

Saini tisa zilipatikana kabla ya Magharibi. Mabibi wawili walitia saini kwa pamoja, kalamu moja, wakigombana nani ana mwandiko mbaya zaidi.

Hawakungoja ruzuku. Siku ile ile, jua halijatua, mtoto wa Bi Nasriya alileta nyundo. Nassimbwa aliondoa kiti. Bi Jawaher alipiga pigo la mwanzo, pigo dogo la bibi, likadondosha plasta kiasi cha kiganja, na kila mtu akashangilia kama amebomoa ngome. Kisha vijana walimaliza. Tofali la juu lilipoanguka, ubaridi wa ua wa pili ulipita, na Bi Nasriya alionekana upande wa pili amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Karibu," alisema.

"Pisha basi, nipite," alisema Bi Jawaher.

*

Alkhamisi asubuhi Mahfoudha aliuweka mpango mezani kwa Ishaq, na ndani yake picha moja ya ukuta uliobomolewa. Ishaq aliitazama picha zaidi kuliko alivyoitazama ramani.

"Hawa wameanza kazi kabla ya idhini," alisema.

"Ndiyo, Bwana Ishaq."

"Kanuni hairuhusu." Akapiga muhuri.

Jibu la mwisho lilikuja Septemba, na mafundi wakaingia Oktoba, joto lilipopungua. Mahfoudha alikwenda kila wiki, ingawa kazi ile angeweza kumwachia Loai. Loai naye siku hizi hakai tena garini. Alishajuana na wanaume wa mtaa, na kila nyumba humpelekea sahani yake ukumbini. Sakafu ilipofika nyumba ya saba, Bi Buthaina alimwita Mahfoudha kumwamulia: yeye anataka benchi la kupumzikia liwe chini ya mlimau, wenzake wanalitaka karibu na mlango, na Nassimbwa, ambaye sasa kila mtu humuuliza rai yake, anasema liwe mahali ambapo mtu akikaa anaona pande zote mbili.

"Wewe ndo mhandisi," alisema Bi Buthaina. "Sema."

Mahfoudha alifungua ramani juu ya goti lake, akatoa kalamu, na wanawake kumi na mmoja wakamwinamia mabegani, kila mmoja na kidole chake, wote wanasema kwa wakati mmoja.