Mahindi ya Swali la Tisa

Saa mbili na nusu asubuhi Hyasinta alipangusa vumbi jekundu juu ya kompyuta, akamwambia mlinzi Martini awashe jenereta, akakaa. Ilikuwa Juni 1986, katika chumba cha kupanga kilichokuwa ofisi ya utafiti mjini Karatu. Mezani palikuwa na madodoso ya kaya mia mbili na kumi na nne za wafugaji wanaoishi juu, ndani ya hifadhi. Aliwahoji yeye mwenyewe, boma kwa boma.

Madodoso hayakuwa na jina la mtu. Ndivyo alivyowaahidi, na ndiyo maana walipofika swali la tisa, la mahindi, walisema kweli. Kulima huko juu kulipigwa marufuku miaka kumi na moja nyuma, lakini marufuku haipikwi ikaiva, na kiangazi maziwa hayatoshi. Mmoja wao, Mama Metui, alimmiminia chai, akainama. "Nina kipande nyuma ya zizi. Nakuambia wewe tu, mdogo wangu."

"Ni siri, yeyo," Hyasinta alimjibu, akimwita mama kwa lugha yake. "Jina lako halimo."

Tangu waanze kuingiza madodoso kwenye kompyuta, Hyasinta alikuwa akiziita safu za majibu kwa namba. Mtaalamu Thadei, mtu wa Moshi aliyeajiriwa kuandika ripoti, alichoka kumsikia akiuliza safu ya kumi na nne ni ipi. "Ipe kila safu jina," alisema. "Halafu iite kwa jina lake. Itakuja."

Ikaja kweli. Hyasinta aliandika NGOMBE, akaomba wastani. Kioo kikajibu kumi na moja nukta nne, na ng'ombe wote elfu mbili mia nne na arobaini wakawa wamesimama uani, wakicheua, hadi kwenye barabara kuu. Martini alifunga dirisha kwa sababu ya nzi. Alipoita MBUZI, ng'ombe wakaondoka kuwapisha. Thadei hakuinua kichwa, alilalamikia harufu tu.

Baada ya chai ya saa nne aliita MAHINDI. Yalichipua kwenye saruji, yakamfika kiunoni kabla jibu halijatokea. Yalikuja kama yalivyokuwa huko juu, kila kipande na ua wake wa miiba. Jina la mtu halikuwepo, lakini mkono wa mlimaji haufichiki. Kipande kilichoota karibu na kabati kilikuwa na sufuria iliyotoboka, imetundikwa kijitini kufukuza ndege. Mama Metui alikuwa amemwonyesha sufuria hiyo akicheka.

Wakati huohuo aliingia Bwana Wilibrodi, aliyetumwa na waliogharamia utafiti. Alikuwa amezunguka maboma ya juu kwa miaka tisa. Alitembea katikati ya mistari, akitenga majani kwa kalamu na kuandika kwenye daftari lake. Alipofika kabatini alisimama.

"Sufuria hii naijua," alisema.

Hyasinta aligeukia kompyuta. Haraka akalifuta jina MAHINDI, akaiita safu ile S9. Mahindi yakazama sakafuni.

"Yarudishe," alisema Wilibrodi. "Sijamaliza."

"Sikumbuki nimeyaitaje, mzee."

Uongo huo ulidumu dakika moja. Thadei alifungua daftari la majina ya safu, ambalo Hyasinta alilijaza kwa mwandiko wake mzuri kama alivyofundishwa, akaandika jina mwenyewe. Mahindi yakarudi.

"Usinichukie, dada. Mkataba unasema majibu ni ya waliogharamia."

"Niliwaahidi, kaka Thadei."

"Uliwaahidi hutaandika jina la mtu. Nani kaandika jina la mtu?"

Hyasinta alimchukia hata hivyo, na akajichukia zaidi. Alilia chooni, akanawa, akarudi kwenye kiti, kwa kuwa kwao, kijijini Kansay, alikuwa na mama mgonjwa na wadogo wanne.

Jumatatu lori lilipanda hifadhini na watu wenye mapanga. Jumatano mahindi ya ofisini yalianza kuanguka, kipande kimoja kimoja, bila kuguswa na mtu. Martini alifagia mabua, akawapelekea mbuzi wake. Ijumaa wastani ulikuwa sifuri, na Thadei akarekebisha ripoti: wakazi hawategemei kilimo. Ilipigwa muhuri siku ileile.

Mwaka uliofuata Hyasinta alitumwa tena juu na madodoso mapya. Mama Metui alimpa kigoda, wala hakuinjika chai.

"Ng'ombe wangapi, yeyo?"

"Sina." Walikuwa wakinywa maji nyuma yake.

"Watoto?"

"Sina," alisema, akimhamishia kichanga titi la pili.

"Mahindi?"

"Hayo unajua mwenyewe."

Hyasinta aliandika sifuri tatu, moja chini ya nyingine, akashukuru, akashika njia ya boma la pili. Huko walikuwa wameshatoka mlangoni, wazee kwa watoto, wakimsubiri wamwambie kwamba hawapo.