Nyuki wa Kwandu Hawakuacha Kazi

Jumanne ya pili ya mwezi Februari, Kwandu alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko akimwekea bata jike mayai kumi na mawili ya kanga. Kanga wake walitaga vizuri lakini hawakuwa na subira ya kulalia, kwa hiyo kila mwaka kazi hiyo aliwapa bata. Bata aliyapokea mayai moja moja na kuyasukuma chini ya tumbo kwa mdomo. Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani yake Mahona alikuwa anapuliza dawa kwenye pamba, bomba mgongoni, mdomo wazi.

"Mwangaluka, Mahona!"

"Mwangaluka, mayu," aliitikia Mahona, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Saa tatu hii unapuliza, na nyuki wangu wote wako kwenye maua yako?"

"Waite warudi," alisema Mahona, akacheka. "Si wewe mama yao?"

Zamani isingekuwa hivyo. Ghala la chama cha msingi cha ushirika lilipokuwa wazi, bwana shamba alikuwa anagonga kipande cha reli jioni ya kuamkia siku ya kupuliza. Kijiji kizima, hadi njia ya kwenda Dutwa, kilisikia. Wenye mizinga waliziba milango yake kwa matambara, wenye kuku na bata wakawafungia. Kisha bwana shamba akapunguzwa kazi, ghala likapangishwa, na biashara ya pamba ikawa huria. Sasa dawa ililetwa na Salvatory, wakala mwenye pikipiki, katika chupa za mafuta ya kula zisizo na maandishi. Kila mtu alipuliza siku aliyoipata.

Hadi adhuhuri nyuki wa mizinga miwili kati ya mitatu walikuwa wamedondoka chini ya miti yao. Kwandu aliwafagia, wakajaza nusu debe. Kanga tisa, waliokuwa wameokota viwavi kwenye pamba, walikufa kabla ya saa tisa. Bata wanne walifuata, akiwemo yule aliyekuwa analalia, kwa maana alikuwa ametoka mara moja kunywa maji mferejini. Kwandu alichimba shimo nyuma ya mtama akawazika wote. Katekista aliwahi kumwambia kwamba wanyama hawana sala yao ya maziko, kwa hiyo akasali ile ya kushukuru baada ya chakula.

Asubuhi ya Jumatano wote aliowazika walikuwa kazini. Kanga walikuwa uani wakipiga kelele zao za kawaida, na sisimizi wakipita juu ya miguu yao. Bata watatu walielea kwenye lambo bila kutikisa maji. Wa nne alikuwa juu ya mayai. Nyuki walitoka na kuingia mizingani kwa mistari iliyonyooka kuliko mwanzo. Kwandu aliweka kiganja juu ya mzinga wa kwanza, kisha wa pili. Ilikuwa baridi kama mtungi. Mzinga wa tatu ulikuwa na joto, na nyuki mmoja akamchoma kidoleni. Akamshukuru Mungu kwa huyo mmoja.

Alhamisi alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya kata. Ofisa mifugo, kijana aliyeitwa Athanasi, alimpa benchi na kumsikiliza hadi mwisho.

"Sidai kulipwa," alisema Kwandu. "Nataka mtoe amri watu waambizane siku moja kabla. Nimebakiwa na mzinga mmoja hai. Nikijua siku, nitauziba."

Athanasi alichukua baiskeli akaja kuona. Aliwahesabu kanga: tisa. Bata: wanne. Alisimama mbele ya mizinga akitazama nyuki wakiingia.

"Mama, hasara iko wapi?"

"Wamekufa, bwana mifugo. Niliwazika mwenyewe."

"Sikatai, naona. Lakini fomu ina safu mbili, wapo na hawapo. Hawa nitaandikaje hawapo, na mimi nimewahesabu?"

"Mguse huyo bata."

Athanasi alimgusa. "Ni baridi," alikubali, akafuta mkono kwenye suruali. Kisha akaandika kwamba bata analalia vizuri.

Baada ya hapo Kwandu alimfuata Salvatory mwenyewe, akamkuta mnadani amekaa juu ya pikipiki anakula muwa.

"Mama, hizi ni zama za soko huria," alisema Salvatory. "Simpangii mtu saa ya kupuliza dawa yake. Hata wewe nyuki wako sijawapangia."

Watu walicheka. Kwandu alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo aliamka kila alfajiri, akasali rozari, akauziba mzinga wa tatu kwa tambara, kisha akakaa uani kutazama kama Mahona atatoka na bomba. Asipotoka hadi saa nne, alizibua. Nyuki walitoka na hasira, wakamchoma, naye aliwavumilia. Walikuwa wanakonda. Jumapili pekee hakuziba, kwa sababu tangu mababu hakuna mtu aliyelima Jumapili pale.

Jumamosi moja ya Machi Salvatory alileta dawa jioni na kusema ikikaa inaharibika. Kesho yake Kwandu alipotoka kanisani harufu ilimpokea njiani. Hakukimbia. Alifika, akaweka kiganja juu ya mzinga wa tatu uliokuwa unapoa, akakiacha hapo hadi jua lilipohama.

"Mahona!" aliita. "Hata Jumapili?"

"Nisamehe, mayu. Dawa ingeharibika." Alikohoa, akatema, akaendelea na mstari wake.

Athanasi alirudi mwezi wa nne akiwa na wageni kumi na wanane, wengine kutoka Nkoma, wengine mbali kama Bukundi. Aliwaeleza kwamba mji wa mama huyu ni wa mfano. Mifugo haili, haiugui, haiibiwi. Bata alikuwa amelalia mayai yaleyale siku sitini na tano bila kuinuka hata mara moja, na Athanasi alimsifu kwa bidii. Kisha akawaonjesha asali. Mwanamke mmoja wa Nkoma aliilamba, akangoja, akalamba tena.

"Haina utamu," alisema.

"Uzito upo, na rangi ipo," alisema Athanasi. "Utamu wizara haijauliza."

Kwandu alisimama akawaambia wageni kwamba ni dawa imewaua, na kwamba wao wakirudi kwao waambizane siku ya kupuliza. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha mzee mmoja akauliza dawa hiyo inapatikana wapi. Salvatory alikuwa hapo nje na pikipiki yake.

Wiki hiyo hiyo Mahona alipita kumsalimia. Kwandu akamkaribisha ugali na maziwa ya mgando.

"Asante, mayu. Tangu Alhamisi sijasikia njaa. Wala usingizi. Nimepalilia heka nzima bila kupumzika."

"Na kikohozi?"

"Kimeisha chenyewe."

Kwandu alimtazama nzi aliyetua kwenye jicho la jirani yake na kukaa hapo. Akafunika ugali.

Jumapili, katekista alipoomba majina ya marehemu wa kuombewa, Kwandu alisimama akataja la Mahona. Katekista aliliandika chini ya mengine. Mahona alikuwa kwenye benchi la wanaume, shati limepigwa pasi, na mke wake Justina upande wa pili na watoto. Hakuna aliyegeuka.

"Raha ya milele uwape, ee Bwana," alisema katekista.

"Na mwanga wa milele uwaangazie," waliitika wote, na sauti ya Mahona ilisikika vizuri katikati yao. "Wapumzike kwa amani. Amina."

Nje ya kanisa Mahona alimfuata Kwandu na kumpa mkono.

"Asante kwa kunikumbuka, mayu. Lakini kupumzika bado. Heka mbili zimebaki, na Salvatory ameniachia chupa sita."