Nyusi za Baba

Uluriak tulimchagua mara tatu awe mbunge wetu kwa ahadi moja: hakuna mzee wetu atakayepelekwa kufia kwenye nyumba za wazee za kusini. Kwetu huku kaskazini kwenye barafu hakuna vyama, mtu huchaguliwa kwa uso wake. Tena alipewa jina la marehemu bibi yangu, kwa hiyo baba yangu, mzee Kautaq, alimwita mama tangu binti yuko kwenye nepi. Nami nilimwita bibi, ingawa nimemzidi miaka kumi. Alipofanywa waziri, baba alitamba duka zima: "Mama yangu sasa ni mkubwa!"

Kisha miguu ikamkataa baba. Kamati ya afya ilikuwa na muuguzi mmoja tu wa kuwatunza wazee nyumbani kwao; asiyempata hupelekwa kusini, na anayemtaka lazima ajibu mwenyewe kwa simu. Uluriak akasema atampigia baba yeye mwenyewe, asije mgeni akamtisha.

Siku hiyo nilitoka kidogo kuchukua barafu ya kuyeyusha kwa maji ya chai. Niliporudi, simu ilikuwa imeshakatwa.

"Umewajibu?"

"Mama kaniuliza kama nataka kubaki nyumbani. Nimesema ndiyo."

"Kwa mdomo?"

Baba akaniangalia kana kwamba mimi ni mjinga, akainua nyusi. Ndiyo yetu ndiyo hiyo, tangu utotoni.

Lo! Nikampigia Uluriak mbio. "Bibi, baba alikubali!"

"Nilingoja, mjukuu wangu. Nikauliza mara mbili, kimya. Wameandika hakujibu, muuguzi kapewa mzee wa kijiji kingine."

"Nyusi, we mwanamke! Umesahau nyusi?"

Akaanza kulia. "Miaka kumi na miwili naongea na vipaza sauti. Nimesahau."

"Si waziri wewe? Tengua!"

"Nina kura moja tu kwenye kamati. Nimewaomba mpaka nimeona aibu."

Nilimchukia, na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Ijumaa Uluriak alikuja uwanja wa ndege kumuaga baba. Baba, amefungwa kwenye machela, akamshika mkono wa koti. "Mama, tunakwenda wote?"

Safari hii hakusahau. Akakunja pua, yaani hapana, na baba akamwachia koti.

Uchaguzi uliofuata hakugombea. Kila Jumapili anakuja kwangu, hagusi hata nyama ya sili, mnyama wa bahari yetu ya barafu, niliyomchemshia, anampigia baba kule kusini.

"Mwanangu, unataka kurudi nyumbani?"

Kimya. Tunasikia pumzi zake tu.

Bibi haulizi mara ya pili.