Eduvigis Anatoa Figo

Siri ya Eduvigis niliipata saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa kimejaa rangi. Kufikia saa sita mtaa mzima wa La Viña ulikuwa nayo. Sijitetei, saluni ni saluni.

Siri yenyewe: anampa figo yake moja Nazaret, mke wa mwanawe Fermín. Na hawa wawili kwa miaka kumi na moja hawajakubaliana hata juu ya chumvi! Nazaret ametoka Sevilla, mji wa watani wetu wa jadi, na hapa Cádiz hilo peke yake ni kosa. Juu ya hilo anatia karoti kwenye dengu. Lakini figo zake zilikuwa zimekufa, mwaka wa pili huo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Fermín madaktari walimkataa kwa sababu ya presha. Wakampima mama yake ili anyamaze tu, wakakuta yake inafaa.

"Chari," aliniambia, "kila Januari televisheni inatupigia vigelegele kwamba nchi hii haina mpinzani kwa kutoa viungo. Kumbe karibu wote wanaotoa ni marehemu! Sisi wazima tunajivuta. Sasa mimi nikingoja nife, yule atakuwa ameshanitangulia. Nitagombana na nani?"

Kilichobaki ni jaji. Sheria yetu inataka mtu aliye hai anayetoa kiungo asimame mbele ya jaji, daktari akiwapo, aseme kwa kinywa chake kwamba hakulazimishwa. Jaji akiingiwa na shaka, hakuna saini. Pasipo saini, hakuna kisu. Na operesheni ilishapangwa wiki iliyofuata.

Basi tukafanya kama tulivyolelewa: La Viña mtu haachwi aende peke yake. Alhamisi hiyo ya Juni tulikuwa thelathini na wanne nje ya mahakama. Loli muuza samaki alikuja na sinia la chapati za kamba, Anselmo na ngoma yake ya kanivali. Mimi niliandika bango kwenye shuka kwa rangi ya nywele: EDUVIGIS, TOA!

Dirisha la chini lilikuwa wazi kwa joto, nami nikajibanza pale.

"Bibi, kuna mtu aliyekushawishi?" jaji aliuliza. Mama wa makamo, sauti ya upole.

"Hakuna."

Hapo hapo Anselmo akapiga ngoma, na watu wote: "E-du-vi-gis! To-a!"

Jaji akaja dirishani. Akasoma bango, taratibu. Daktari akajifunika uso.

"Na hawa?"

"Majirani, mheshimiwa."

"Na mkazamwana wako mnapatana?"

"Hatupatani hata kidogo."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. "Bibi yangu, hampatani, na nje umati unakupigia ngoma utoe figo. Ingekuwa wewe, ungesaini?"

Ng'ambo ya uwanja Nazaret alikuwa amekaa kwenye benchi, mweupe kama nta, macho hayabanduki dirishani. Na bango lile nililiandika kwa mkono wangu!

Mara kichwa cha Eduvigis kikatokeza juu yangu.

"Chari! Kunja hilo shuka! Langu hilo, umeliazima tangu kanivali! Loli, dukani umemwachia nani, paka? Anselmo, hiyo ngoma mpigie mamako! Fermín, mwanangu, futa kamasi. Nyumbani wote! Sasa hivi!"

Uwanja ukabaki mtupu. Mimi niliishia kwenye kona. Zaidi ya hapo moyo ulikataa.

Nazaret hakujinyanyua.

"Na wewe!" Eduvigis akafoka.

"Mimi siendi."

"Nimesema nenda!"

"Na mimi nimesema siendi, mama! Hutaki kutoa, usitoe, nitarudi kwenye mashine yangu. Lakini umetoka bila kofia na jua hili, nani atakurudisha nyumbani?"

Eduvigis akamgeukia jaji, mikono kiunoni. Sauti yake hata kwenye kona ilifika.

"Umejionea? Mtaa mzima unanitii ila huyu mmoja. Akiondoka huyu, nabaki na kondoo watupu. Haya niambie, mheshimiwa, mimi ni mtu wa kulazimishwa?"

Nikarudi kwa kunyata hadi chini ya dirisha. Halafu nikamsikia jaji akicheka, na daktari akicheka zaidi, na kalamu ikikwaruza karatasi.

Januari tulijazana kwenye baa ya mume wa Loli, hata pa kuweka kiwiko hapakuwepo. Televisheni ikatangaza hesabu za mwaka: tumeongoza tena, na wanaotoa wakiwa hai wameongezeka.

"Mmoja wao ndiye huyu!" Anselmo akapaaza sauti, na baa nzima ikapiga makofi. Eduvigis akainamisha kichwa kama malkia.

Nazaret, mashavu yamejaa, akaingia na sufuria ya dengu na kumpakulia wa kwanza. Eduvigis akaonja. Akatoa kipande cha karoti kwa ncha ya kijiko, akakiweka kando ya sahani.

"Chumvi haitoshi."

"Daktari amekataza chumvi, mama. Figo haitaki."

"Haitaki? Nimekaa nayo miaka sitini na mitatu, wewe miezi saba, halafu unanifundisha inachotaka?"

"Sasa ni yangu."

"Basi itunze! Niongezee dengu."