Sahihi ya Baba Kwenye Kompyuta

Baba yangu, Kipriani, alifariki Oktoba 2015 hospitalini Kasulu. Wiki tatu baada ya mazishi, mdogo wake Tharsisi alitupeleka baraza la kata, Murungu. Alidai mizinga themanini ya nyuki, riziki yote ya mama, akisema baba alimuuzia.

"Mkataba huu hapa," alisema. "Ulitumwa kwa imeili, ukasainiwa hukohuko kwenye kompyuta. Kaka alikuwa mgonjwa, mlitaka aje kwa miguu?"

"Shemeji, huna haya," mama alisema. "Hata udongo wa kaburi haujakauka."

"Hapa ni sheria, shemeji. Vilio peleka nyumbani."

Katibu wa baraza, Mama Yusta, aliikagua karatasi. "Sheria mpya ya mwaka huu inakubali sahihi ya kompyuta. Siwezi kuikataa kwa kukosa wino. Ila lazima iwe ya mwenyewe, na awe ameridhia." Akafungua fomu ya baba ya kikundi cha wafuga nyuki, aliyoileta Tharsisi, akalinganisha. "Ni ileile. K yenye mkia."

Baba mdogo alicheka. "Elieth, si una kidato cha nne? Msomee mama yako."

Ile K niliiandika mimi. Baba hakujua kusoma wala kuandika, na tuliojua siri hiyo ni mama na mimi tu. Alikuwa mzee wa kanisa, na kalamu haikukosa mfukoni mwake. Kila Jumamosi nilimsomea somo la Jumapili mpaka akalikariri. Fomu ya kikundi niliijaza mimi, yeye akiwa pembeni yangu.

Mama alinibana mkono. "Usiseme," alininong'oneza.

Nilisimama. "Sahihi hiyo ni mkono wangu."

"Mwongo huyu!" baba mdogo alidakia.

Mama Yusta alinipa kalamu. Nilisaini mara tatu. Alizilinganisha na ile ya mkataba. "Ni ileile," alisema.

"Basi aliyeghushi ni yeye!" baba mdogo alifoka.

"Fomu nilisaini kwa sababu baba aliniambia. Hakujua kuandika. Mkataba una tarehe kumi na mbili Septemba. Siku hiyo nilikuwa kando ya kitanda chake Kasulu, hana hata sauti ya kuomba maji. Fomu za kikundi unazitunza wewe, baba mdogo. Umeipiga picha sahihi ukaibandika."

Kicheko kililipuka nyuma, kwa watu waliokuja kusikiliza. "Kumbe ile kalamu ya mfukoni ilikuwa pambo!"

"Na Biblia je? Si ajabu aliishika juu chini!"

Baraza liliukataa mkataba. Baba mdogo alipita karibu yangu akitoka. "Chukueni mizinga yenu. Jumapili ukawaeleze na kanisani."

Mama alitangulia nyumbani. Nilimkuta amekaa mlangoni, kanga kichwani.

"Miaka thelathini nilimfichia," alisema. "Wewe wiki tatu zimekushinda."

"Mama, wangechukua kila kitu."

"Wangechukua mizinga tu."

Kesho yake alikwenda msituni kuikagua mizinga. Hakuniita.