Taa ya Kijani Juu ya Mizani ya Muthamia

Jumanne jioni Gatakaa alimaliza kuchambua kahawa yake kwenye turubai, nyekundu huku, mbichi kule, akabeba gunia moja hadi mizani ya kiwanda, kilimani juu ya soko la Githongo. Kanuni ya chama cha ushirika ilikuwa fupi: anayeleta pungufu ya kilo arobaini wiki ya uchaguzi hapigi kura ya mwenyekiti. Gatakaa alikuwa amepania kumpigia yeyote asiyekuwa Muthamia.

Muthamia ndiye mpima kahawa, na kiti hicho alikitaka yeye. Alitundika gunia. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukarudi nyuma. Papo hapo pazia la mwanga wa kijani likashuka juu ya mabati, likipepesa kwa mdundo uleule wa mshale.

"Thelathini na moja," Muthamia akasema.

"Na hiyo ya huko juu?"

"Hiyo hatupimi, mama."

Stima ilikuwa imepotea tangu Ijumaa, kwa hivyo watu kwenye foleni walitandika maturubai yao pale penye kijani, wakaendelea kuchambua.

Nelius, mpwa wa Gatakaa, aliyemaliza kidato cha nne juzi, akasema, "Hizi ni taa za Kaskazini. Nguvu ya sumaku ikipigapiga kama moyo, nazo hupepesa. Tulifundishwa."

"Kaskazini gani, Isiolo?" akauliza mzee Nyamu kutoka nyuma ya foleni.

"Mbele zaidi, mzee. Kwenye barafu. Kwa hivyo hapa kuna sumaku."

Akapapasa nyuma ya mizani, akabandua sumaku ya spika, kubwa kama chapati ya harusi. Mshale ukaruka hadi arobaini na mbili. Giza likaingia.

"We msichana!" Nyamu akafoka. "Rudisha! Gizani nimechanganya mbichi na nyekundu!"

"Lakini inawaibia, mzee."

"Iibe tukiona!"

Foleni nzima ikaunga mkono. Muthamia akaichukua sumaku kwa upole, akaipangusa vumbi kwa shati, akairudisha mahali pake. Kijani kikarudi. Mshale ukashuka.

Jumamosi Muthamia alichaguliwa mwenyekiti bila mpinzani. Hotuba yake ilikuwa swali moja: "Nani mwingine amewawashia taa bila tokeni ya stima?"

Gatakaa hakupiga kura. Alikuja na turubai lake, akatafuta mahali penye mwanga mzuri, akachambua hadi akajaza gunia kubwa kuliko lile la kwanza. Mwenyekiti mwenyewe akamtundikia.

Anga likapepesa vizuri sana.

"Thelathini na moja," akasema.