Mbegu Chini ya Kitanda

Sindano ya nne ilipoingia, Zedekiah Odhiambo hakuruka wala kuguna. Tako lilikuwa limeshakufa ganzi tangu ya pili, na kusema kweli si tako peke yake. Mungai, dresa wa kliniki ya mjini, alikuwa amewachoma wanaume wa Nairobi miaka sita na kujua siri zao kuliko padre yeyote. Alimwambia avae suruali.

"Ni kumi, mzee. Moja kila siku. Ukimaliza, wiki mbili hakuna mwanamke. Hata bibi yako. Huyo ndiye umlete hapa apimwe."

"Sawa," akasema Zedekiah.

"Wote husema sawa," akasema Mungai, akaita mwingine.

Kaswende haikumwonea. Aliipata Novemba kwa mjane mmoja aliyekuwa akimshonea mashati, mwanamke mpole mwenye chai nzuri. Kidonda kikatoka, kikapona chenyewe, naye akajiambia yameisha. Wanaume bwana, kitu kikiacha kuuma wanadhani kimehama mji. Krismasi akapanda treni akaenda kwao, akala kuku, akalala na mkewe, akarudi kazini. Mwezi wa tatu madoa yakamtoka viganjani, na mpishi hana pa kuficha viganja. Bibi wa Kihindi aliyemwajiri kule Parklands aliyaona juu ya unga wa chapati. Akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia asiguse sufuria mpaka alete karatasi ya daktari.

Hayo angeyabeba. Kilichomlemea ni barua iliyokuwa mfukoni, iliyoandikwa na mwalimu wa kanisa kwa niaba ya Peres, mke wa Zedekiah. Mvua imenyesha, ilisema. Kwa kuwa umekosa ruhusa, nakuja Jumamosi na mbegu.

Hapo yafaa nieleze, maana kuna watu huchekea mambo ya wenzao kabla ya kuyajua. Kwao Zedekiah, karibu na ziwa, mbegu haziingii shambani hivi hivi. Mume na mke hulala pamoja kwanza, kulala kwenyewe, ndipo kesho yake mke ashike jembe. Tena ni kwa zamu. Mama yake mzee, mjane asiyedaiwa kulala na mtu, alishafungua msimu. Sasa ilikuwa zamu ya mtoto mkubwa, ambaye ni Zedekiah, kisha Isaiah, kisha Were. Mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Mkubwa huachwa nyuma akiwa amekufa tu, na hata mchungaji, aliyeikemea mila hiyo madhabahuni, hakuwahi kuonekana shambani kabla ya kaka yake.

Kwa hiyo nyumba tatu zilikuwa zimekaa na majembe mkononi zikimngoja mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na sindano sita zilizobaki na wiki mbili juu yake. Akimgusa Peres, anampa ugonjwa. Asipomgusa, ama watu hawapandi, ama wanapanda na yeye anahesabiwa marehemu. Zedekiah aliyawaza haya akitembea kurudi Parklands, akatafuta woga ndani yake, hakuupata. Hakupata kitu.

Jumamosi asubuhi alimpokea stesheni. Peres alishuka na kikapu cha mahindi na mtama kichwani, akakataa kupokewa kile, akampa mzigo wa samaki.

"Umekonda, Baba Caren."

"Ni kazi. Caren hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Kila mtu anakusalimia, na kila mtu anauliza."

Chumba cha mpishi kilikuwa nyuma ya nyumba ya wenyewe, kitanda kimoja, jiko la makaa, dirisha la kutosha kichwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa ametoa ruhusa ya siku tatu na kuonya kuhusu harufu ya samaki. Peres alisukuma kikapu chini ya kitanda kama mtu anayeweka mtoto alale. Mama mkwe alikuwa ameamua kwamba maadamu mbegu ziko chumba kimoja na wenyewe, hata Nairobi itafaa.

Usiku ule Zedekiah alisema mgongo unamuuma. Peres akamkanda mgongo, na kwa vile alikuwa mkandaji hodari, uongo ule ulikuwa mzigo kweli. Jumapili walienda kanisani. Mchana wakala samaki, na Peres akafunga mlango, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kitandani kumngoja. Zedekiah alibaki kwenye kigoda, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mgongo bado?" Peres aliuliza.

"Mama Caren, nilikuwa nafikiria. Ukifika nyumbani, waambie tu tumelala. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe na mimi tu."

"Una mwanamke mwingine hapa. Sema tu, sitapiga kelele. Nimesafiri na mbegu kama muuza sokoni, sina nguvu ya kelele."

Basi akamwambia. Alimwambia kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja bei ya vitunguu: jina la ugonjwa, sindano kumi, wiki mbili, viganja. Alimwonyesha viganja. Peres aliviangalia, akavigeuza, akaviachia.

"Tangu lini?"

"Novemba."

Zedekiah alimwona akihesabu, na alijua atafika wapi kwenye hesabu ile, akamwacha afike mwenyewe kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kumtangulia.

"Krismasi," akasema Peres.

"Ndiyo."

"Ulikula kuku wangu mzima, Zedekiah."

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Caren azaliwe. Alijifunga tena kitambaa chake, akatoka nje, akaosha sahani zote, hata zile safi.

Jumatatu walienda kliniki pamoja. Peres alipelekwa upande wa wanawake, akatolewa damu, akaambiwa matokeo yanakawia, ila kwa maelezo ya mumewe ni afadhali aanze leo. Mungai alimweleza polepole, kwa heshima, akimwita mama. Peres aliuliza swali moja tu, kama bado anaweza kuzaa. Mungai akasema ndiyo, akitibiwa. Akachomwa sindano ya kwanza, akatoka akichechemea, na Zedekiah, ambaye alijua hasa maumivu hayo yalipo, hakuthubutu kumshika mkono.

"Kumi," akasema Peres. "Kisha wiki mbili. Bibi yako wa Kihindi itabidi anivumilie."

"Nitamwomba."

"Utamwomba vizuri."

Walipofika chumbani alimwambia achukue karatasi na kalamu. Zedekiah alikuwa na mwandiko mzuri. Wapishi wengine wa Parklands humletea barua zao awaandikie. Aliketi kwenye kigoda, karatasi juu ya goti.

"Andika. Kwa Isaiah na Were, wasalimu mama na watoto wote. Kisha andika wapande."

"Wapande?"

"Wasingoje. Mwezi mzima ukipita, mvua itakuwa imekwisha. Watoto watakula nini mwezi wa nane?"

Kalamu ilisimama. "Peres, unajua watakavyonihesabu."

"Najua."

"Andika wewe, basi, useme ni wewe uliyesema."

"Mimi sijui kuandika, na si mimi mkubwa wao. Andika kwa kinywa chako."

Aliandika. Herufi zilitoka nzuri, zimelala upande mmoja, bila neno lililofutwa. Alipomaliza aliweka jina lake chini na tarehe, na alikuwa anakunja karatasi Peres alipomwambia asome kwanza.

Akasoma salamu. Akasoma habari ya mvua. Kisha akafika mwisho: "Kwa hiyo ndugu zangu, pandeni, msiningoje, fanyeni kama mimi sipo." Sauti ikamkatika hapo, na kitu kilichokuwa kimekufa ganzi kwa wiki nzima kikaanza kumuuma kifuani, kikamuuma vibaya, na machozi yakadondoka juu ya jina lake.

Peres alikuwa amelala kifudifudi kwa sababu ya sindano, uso ukutani.

"Rudia hapo mwisho," akasema. "Sikusikia vizuri."

Zedekiah akarudia.